Kutu ndani ya tangi la choo, weka Jik kando

Ukiishi ploti inayotegemea maji ya kisima cha kuchimbwa hapa Nairobi, hebu fungua kifuniko cha tangi la choo uone. Rangi ya chai ya rangi kila mahali, hadi kwenye floti. Maji yakitoka chini yanaweza kuonekana safi kabisa, lakini yamebeba chuma, yakikutana na hewa hicho chuma kinageuka kutu na kushika ukuta wa tangi.

Sasa kila mtu anakimbilia Jik, ile bleach ya dukani. Haitoi kutu, inaweza hata kufanya doa likolee, na usithubutu kuichanganya na siki au dawa yoyote ya asidi, inatoa gesi ya klorini, na vile vyoo vyetu ni vidogo, utajimaliza bana.

Kinachotoa kutu ni asidi. Funga maji, flashi tangi liishe, mwaga siki nyeupe ifunike madoa, acha usiku kucha, asubuhi sugua na brashi ya plastiki. Steelwool hapana, inakwaruza na vipande vyake vyenyewe vinashika kutu. Kama huna siki ya kutosha tumia unga wa asidi ya sitriki, ni rahisi kubeba.

Halafu angalia zile bolti za chini. Zikiwa za chuma cha kawaida zinaoza polepole na kuchafua tangi hata maji yakiwa poa, mwambie fundi aweke za brasi (shaba ya manjano) ama steinlesi. Siki yenyewe haizuii chuma kuingia, hiyo ni kazi ya filta, na hapo mwongee na landlord.