Marehemu ndani ya picha ya harusi

Mwaka 2019, Bienale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili huku kwetu Kongo, ilipokuwa inakaribia, tulipanga kwenda wapiga picha kadhaa wa mji wa Likasi, tugawane mafuta ya gari. Kisha kazi zikaanza kuingia. Mmoja akaitwa kwenye harusi, mwingine akapata ubatizo, na yule mwenye gari akaacha kupokea simu. Nikapanda basi peke yangu.

Likasi hadi Lubumbashi ni kama kilomita 120, na safari yenyewe haina la kusimulia zaidi ya joto lile la kungojea mvua. Nilifikia mtaa wa Katuba kwa mama mdogo. Asubuhi alinikuta napiga pasi blauzi.

— Unaenda kupiga photo ao kuangalia?

— Kuangalia, mama.

— Na batakulipa?

— Hapana, mama. Ni kuangalia tu.

— Basi muko na franka mingi kule Likasi.

Bienale hiyo huandaliwa na Picha, kituo kilichoanzishwa na wasanii wa mji ule ule, Sammy Baloji akiwa mmoja wao. Awamu ya kwanza ilifanyika 2008. Hii ya 2019 ilikuwa ya sita, ikisimamiwa na Sandrine Colard chini ya kichwa “Généalogies futures”, yaani nasaba zijazo. Mimi nilikielewa kwa akili ya nyumbani: nani alimzaa nani, na watakaokuja watamwita nani babu.

Nilianza na Makumbusho ya Taifa. Watu walisimama makundi-makundi, Kifaransa hapa, Kiingereza pale; Kiswahili nilikisikia kwa walinzi na kwa vijana waliokuwa wanabeba viti. Ukiwa peke yako mahali kama pale, mikono inakosa kazi. Nilishika mkanda wa kamera, nikauachia, nikaushika tena. Nikaona bora nifanye ninachokijua, nikaanza kuchungulia picha kwa ubavu, nione zimechapwa juu ya karatasi gani na zimegandishwa juu ya nini, maana kwetu picha kubwa ikikaa ukutani msimu mmoja wa mvua inajikunja yote.

— Mama, usiguse, mlinzi akaniambia.

— Sigusi, baba. Naangalia karatasi.

Alinitazama kwa mashaka, kisha akaja kuchungulia naye. Tukachungulia pamoja.

Saa sita wenye kundi wakaenda kula na kundi lao. Mimi nilitafuta malewa, kibanda cha chakula, nikala bukari (ugali wetu) na samaki wa thomson, nikarudi mapema kuliko wote. Hapo ndipo nilipoona faida ya kuwa peke yangu. Wenzangu wa Likasi wangekuwepo, tungekaa kivulini kubishana juu ya lenzi na bei za harusi mpaka jioni.

Kwenye meza moja kulikuwa na kitabu chenye kazi ya Baloji ya mwaka 2006, ile iitwayo “Mémoire”. Nilikuwa nimesikia sifa zake, sikuwahi kukaa nayo. Baloji alipiga picha za rangi za magofu ya viwanda vya Gécamines, kampuni ya madini iliyorithi ile Union Minière ya Wabelgiji, halafu akachukua watu kutoka picha za zamani za ukoloni, zile za nyeusi na nyeupe, akawakata na kuwasimamisha mbele ya magofu hayo. Baba yangu alifanya kazi Shituru, kiwanda cha Gécamines kule kwetu Likasi. Nilitegemea nitaanza kumtafuta baba. Badala yake jicho langu likaenda kwenye kingo za wale watu.

Nieleze. Katika studio yangu, kazi inayolisha nyumba wakati harusi hazipo ni hiyo hiyo. Mtu analeta picha ya marehemu, mara nyingi ile ya kadi ya uchaguzi, imekunjwa na ina muhuri shavuni, anasema: mweke mzee kwenye harusi ya mtoto wake. Namkata kichwa, namtafutia mwili wenye koti zuri, nasawazisha rangi ya ngozi na mwanga wa ukumbini, nalainisha kingo za masikio (masikio ndiyo yanayoniumbua), namwekea kivuli miguuni. Nikimaliza, mgeni akiuliza “kumbe mzee aliwahi harusi?”, najua nimeistahili hela yangu. Na huyu bwana, msanii anayejulikana duniani, ameacha mshono wote wazi!

Nilimwambia hivyo kijana mmoja mwanafunzi wa sanaa aliyekuwa anasubiri zamu yake ya kitabu.

— Yaya, njo maana ameuacha, akasema. Angeufunga, ungesema hawa watu wako kazini leo.

— Na wewe ungekuwa mtoto wao, ungetaka waonekane hawako kazini?

Alifikiri. Akasema inategemea nani ameomba picha. Sikuwa na jibu la haraka, nikamwachia kitabu. Mchana uliobaki nilisikiliza mazungumzo juu ya kumbukumbu za picha za wakoloni, nani anazishika na nani ana haki ya kuzitumia, lakini nusu ya akili yangu ilikuwa studio, kwenye masikio ya watu.

Mwezi wa Desemba akaja mama mmoja mjane. Binti yake ameolewa, anataka mume wake awepo pembeni ya keki. Nikamtengenezea mbili: moja kama kawaida yangu, nyingine nikamwacha mzee mweusi na mweupe jinsi alivyokuja, kingo wazi, katikati ya watu wa rangi. Kusema kweli ile ya pili niliipenda. Mama akazishika zote, moja kila mkono, akaziangalia muda mrefu.

— Huyu wa pili ni mufu.

— Ndiyo, mama.

— Mi nilikuomba bwana yangu. Sikukuomba mufu.

Akaniachia nusu ya malipo, akachukua kipochi, na mlangoni akageuka:

— Na umuvalishe kravate. Nyekundu.

Nyekundu sikuwa nayo. Nikaikata ya bluu kutoka shingoni mwa bwana harusi, nikaibadilisha rangi, nikamfunga mzee.