Mjomba na guruneti la komamanga

Mjomba wangu alipigana vita ya Kagera, mwaka 1979 akaingia na jeshi Kampala, kwa hiyo mambo ya silaha humwambii kitu. Alipokuja kunitembelea Leeds, Uingereza, nikawa sijui nimpeleke wapi, baridi haitaki, maduka hayamvutii, bas nikampeleka Royal Armouries, makumbusho ya silaha, kuingia bure (hilo ndo lilimfurahisha kuliko yote).

Mapanga na mavazi ya chuma akayapita kama hayaoni. Akaja kusimama kwenye maguruneti ya zamani kabisa, tufe la chuma lenye uwazi ndani, unajaza baruti, unachomeka utambi, unawasha afu unarusha fasta kabla halijakumaliza mwenyewe. Mhudumu mmoja mzee akaona tumeganda pale, akaja kutueleza kwamba neno grenade Waingereza wamelitoa kwa Wafaransa, na kwa Wafaransa lilikuwa tunda. Komamanga. Mi natafsiri.

"Komamanga?"

"Ndio mjomba."

"Hili hili la kuchemsha maganda mtu akiharisha?"

Akanitazama kama vile ada yote ya Kiingereza imeenda bure. Yule mzee akaona ubishi, akaanza kuonyesha kwa mikono: duara, juu kuna kama kitaji pale utambi unapokaa, ndani punje zimebanana. Kilatini granatum maana yake lenye punje. Wahispania ndo hawajajisumbua kabisa, tunda ni granada na bomu ni granada, utajua mwenyewe unauziwa lipi. Afu akaleta habari za mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, kwamba 1667 jeshi lake lilianza kuteua askari maalumu wa kurusha hayo madude, ndo wakaitwa grenadier, na walikuwa wanachagua majitu marefu yenye nguvu. Hapo mjomba akaitikia, "Eeh, kurusha kunataka mkono."

Ila mhudumu hakuishia hapo. La Wamarekani la vita vya pili, lile lenye mistari mistari, lilibandikwa jina la nanasi, na guruneti la Warusi, F-1, wao wenyewe waliliita limonka, yaani kalimau.

"Muulize, hawa watu walikuwa wanapigana au wana njaa?"

Nikatafsiri hivohivo. Mzee wa watu alicheka mpaka akashika kabati.

Mjomba akasema sisi jeshini tulisema bomu la mkono, bomu, na linarushwa kwa mkono, hakuna kuzungushana. Na kweli, kwa mtu wa kazi jina ni hilo. Sema tangu tumeingia pale mlangoni alikuwa anasema guruneti, guruneti, na guruneti si ndo hilohilo grenade limevaa kanzu? Nikamwambia, mjomba, we mwenyewe maisha yako yote umekuwa ukirusha makomamanga. Akanyamaza kidogo. "We mtoto una maneno," akasema, akahamia kwenye bunduki.

Jioni akapiga simu Tanga, spika wazi, anamhadithia mkewe kwa sauti utadhani kagundua yeye, tunda, utambi, punje, Wafaransa, mpaka mfalme Louis akamtia. Mkazamjomba akamsikiliza hadi mwisho, afu akauliza kama lile koti lake alilomwagiza ameshalinunua.