Kamba wa Mti

Leo mpwa wangu alikaa barazani akipaka kucha rangi, na ile harufu kali ikanipanda puani. Wengine ikiwajia hukumbuka harusi. Mimi hunijia ami.

Siku hizo chambo cha ngisi cha dukani kilikuwa ghali, na kikinasa mwambani ndiyo basi. Ami akijichongea chake: kamba wa mti wa msufi, urefu wa kidole, chubwi la risasi chini ya koo. Mkiani alifunga sindano zilizokunjwa kuelekea juu, kwa sababu ngisi hamezi ndoana. Humkumbatia kamba, akanasa kwa mikono. Sindano zenyewe hazina jino la kumzuia. Mshipi ukilegea tu, kaenda zake.

Jioni ile nilipewa kazi ya rangi. Nyeupe ya milango kwanza, mara mbili, na marufuku kupuliza ili ikauke upesi: "Unamtia mate, mwanangu." Halafu wekundu wa mgongoni, uliotoka kwenye kichupa cha mkewe, bila ya mkewe kuulizwa. Jicho hakuniachia. Alichovya kijiti cha kiberiti kwenye rangi nyeusi, akazuia pumzi, akagusa mara moja. Kile kipande cha mti kikawa kinanitazama. Akakigeuza, akagusa upande wa pili, na jicho likatoka kubwa kuliko mwenzake, tena limekaa juu. Ami akaguna.

"Basi. Huyu kengeza."

Usiku tukatoka na ngalawa, baina ya Mkokotoni na Tumbatu, karabai ikiwaka. Tukapata ngisi wa mchuzi na wa kugawia jirani, fulana ya ami ikajaa wino. Akaapa ni ule wekundu uliowaita. Mkewe, aliyekuta kichupa kimebaki nusu, hakutaka hata kusikia.

Ukubwani nikasoma kwamba ngisi wengi hawatambui rangi. Jicho lao lina aina moja tu ya vipokezi vya mwanga, kwa hiyo wanachotofautisha ni mwangaza na kiza. Nikampigia ami simu. Akanyamaza kidogo.

"Na aliyeandika hayo kavua ngisi wangapi?"

Sikuwa na jibu. Huenda ule wekundu, gizani, ulitosha kuwa kivuli juu ya weupe. Huenda ni ule ukengeza. Ami hakujali, alichoniomba ni kimoja tu, habari hizo zisimfikie mkewe.