Dripu ya kwanza

Mama alisimama mlangoni. Viti sita, na kwenye vyote watu wenye vilemba na kofia wamechomekwa dripu. Akanivuta mkono. "Mwanangu, huku si kwa watu wa kansa?"

Ilikuwa Machi 2016, Dar es Salaam, nami nina miaka 24. Lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, iliyoanza na viungo kuuma na upele mashavuni ilikuwa imeshafika kwenye figo. Mkojo ulitoka na povu kama maji ya kufulia, miguu ikavimba hata ndala hazipiti. Wakachukua kipande cha figo kwa sindano, jibu likaja: lupasi ya figo daraja la 4, yaani kali. Prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, nilishaanza, na uso ulishakuwa mviringo kama chapati. Sasa ilikuwa zamu ya saiklofosfamaidi, miligramu 500 kila baada ya wiki mbili, mara sita.

Dawa hiyo kweli hutumika kwa saratani. Daktari aliniambia, mimi sikumwambia Mama. Kosa langu hilo. Akaamini tunamficha, akakaa kwenye benchi na kujifunika uso kwa khanga.

Nesi mmoja mtu mzima akamfuata. "Mama, kinga ya mwili wa binti yako ndiyo inayoshambulia figo. Dawa hii inaipunguza nguvu."

Mama akafunua jicho moja. Kwao ni Shinyanga. "Yaani sungusungu wamegeuka, wanawapiga wanakijiji?"

"Hivyo hivyo."

"Na mkiwanyang'anya silaha, mwizi akija je?"

Nesi akacheka. "Ndiyo maana mwenye mafua asimsogelee. Na akipata homa, mleteni siku hiyohiyo."

Mimi nilikuwa na swali langu, nikangoja Mama aende kununua maji: nitazaa? Daktari hakunipaka mafuta. Dawa inaweza kuharibu mayai, akasema, ila kwa dozi hii na umri wangu hatari ni ndogo. Hiyo "ndogo" niliigeuzageuza kichwani muda wote dripu ikidondoka.

Mama akarudi na chupa mbili za lita moja na nusu. Alishaambiwa kibofu kisiposafishwa kwa maji, dawa inaweza kukichubua hadi kitoe damu. Kila nilipoingia chooni alisimama nje ya mlango.

"Damu?"

"Hakuna."

"Povu?"

"Lipo, Mama."

"Haya, vuta maji, njoo unywe."