Uwanja wa Huish kwa maboksi: mteremko umesimama

Sehemu ngumu ya kujenga mfano mdogo wa uwanja huu kwa maboksi imekwisha. Huish, uwanja wa nyumbani wa timu ya soka ya Yeovil Town huko Somerset, Uingereza, hadi mwaka 1990, uliinama kutoka mstari mmoja wa pembeni hadi wa pili kwa futi 8, karibu mita 2.4. Huo ni urefu wa goli kutoka chini hadi kwenye mwamba! Leo pale pana supamaketi ya Tesco, ndiyo maana nautaka mezani kwangu.

Kwa kipimo cha 1:200 mteremko wote ni milimita 12 tu. Ningeweza kutandika kadi bapa na wengi wasitambue, lakini Huish bila mteremko ni kiwanja chochote kile. Nimekata vipande vya boksi umbo la kabari, nikavipanga kila baada ya sentimita 3, juu yake kadi ngumu na gundi ya mbao. Ilipokauka niliweka gololi katikati ya uwanja. Ikateremka yenyewe hadi mstari wa chini, nami nikairudisha tena na tena kwa raha. Nyasi ni unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani. Mwamba wa goli, milimita 37, ni njiti moja ya kiberiti.

Siku ninayoijenga ni 29 Januari 1949, raundi ya nne ya Kombe la FA. Yeovil wa Ligi ya Kusini, ligi ndogo, waliikaribisha Sunderland ya daraja la kwanza, yenye Len Shackleton aliyenunuliwa kwa pauni 20,050, rekodi ya Uingereza wakati ule. Alec Stock, kocha aliyekuwa pia mchezaji, alifunga la kwanza. Sunderland wakasawazisha. Katika muda wa nyongeza, ukungu ukiwa umetanda, Eric Bryant akamaliza kazi: 2-1. (Raundi iliyofuata Manchester United waliwatandika 8-0.)

Wapo wanaosema mteremko ndio ulioshinda. Sikubaliani nao kabisa. Uwanja ulioinama kwa pembeni haupendelei goli lolote, hata mkibadilishana pande. Unampendelea aliyeuzoea, na kuuzoea ni kazi ya miaka.

Sasa nahamia kwa watazamaji, waliozidi 16,000. Kwenye umati uliobanana huonekana vichwa tu, na kichwa kwa kipimo hiki ni milimita moja hivi, sawa na punje ya ulezi. Robo kilo itatosha na kubaki.