Jina la Mama Yake Babu

Nilikwenda Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, kutafuta kwao babu yangu, na bahasha ya kaki mkononi. Mlikuwa na picha moja ya babu kavaa koti na kofia ya kazi, cheti chake cha ndoa kilichoandikwa Unguja, na karatasi niliyoiandika kwa mkono: mimi, baba, babu, baba yake babu, babu yake babu. Majina matano, yote ya wanaume. Nikaona nimejitayarisha vya kutosha.

Tiketi iliniuma. Ndege kutoka Dar es Salaam hairuki hata saa mbili, lakini kwa fedha niliyotoa ningekwenda Dubai na kurudi na mizigo. Moroni, mji mkuu, nako chumba kinatajwa kwa yuro, umeme unakatika magharibi, na maji ya kuoga nikaletewa kwenye ndoo. Hili la maji niliacha kulilalamikia nilipoelezwa. Ngazija haina mito. Kisiwa ni jiwe jeusi lililotapikwa na Karthala, mlima wa moto wa mita 2,361, na mvua ikinyesha inazama papo hapo. Watu wanakinga maji ya paa kwenye mabirika ya saruji na kuyahesabu mpaka masika mengine. Na mimi nimekulia karibu na bomba, nikawa naoga ndoo nzima.

Kuna neno lililonishangaza mapema. Nilimlipa dereva wa teksi, akaniambia, "Marahaba." Nikababaika, maana sikumwamkia, na kwa umri mimi ndiye mkubwa. Kumbe kwao marahaba ni ahsante. Mkubwa anaamkiwa "kwezi", naye anaitikia "mbona". Babu yangu alikuwa akipewa kikombe cha chai anasema marahaba, na sisi watoto tulidhani ni uzee. Miaka yote ile mzee alikuwa anatushukuru kwa lugha yake na hakuna aliyemwelewa.

Babu hakutusimulia mengi. Alitaja Ikoni, mji wa pwani kusini kidogo ya Moroni, na alipenda kutukumbusha kwamba Habib Saleh wa Lamu, aliyeujenga Msikiti wa Riyadha, asili yake ni Singani, Ngazija. Zaidi ya hapo alinyamaza. Nilipokuwa mkubwa nikajua sababu mojawapo: mwaka 1968 Wangazija wa Unguja waliambiwa si raia tena, na mtu mwenye watoto wadogo hakuwa na haja ya kutembea akitangaza kwao. Hata karatasi za huku Komoro hazikunisaidia. Nyaraka nyingi za utawala wa Kifaransa zilichomwa moto wakati wa serikali ya Ali Soilihi, mwaka 1977.

Siku mbili za mwanzo zilipotelea Ikoni, kwenye bangwe, uwanja wanakokaa wazee barazani. Waliipokea karatasi yangu kwa heshima, wakaisoma kwa sauti, wakapeana. Tatizo ni kwamba jina la babu na la baba yake ni majina ambayo kila nyumba ya Ngazija inayo. Mzee mmoja alinipeleka kusini, mwingine akanielekeza Mitsamihuli, kaskazini kabisa. Kijana mmoja akasema anaijua "nyumba ya babu yako", nimpe faranga 15,000 anifikishe. Nilimpa. Alinisimamisha mbele ya nyumba ya mawe yenye mlango wa nakshi, nikapiga picha, machozi yakanitoka, nikazituma nyumbani kwa familia nzima. Jioni mwenye nyumba aliporudi akanieleza kwa upole kwamba hapo ni kwa mke wake, tangu enzi za bibi zake mke wake, na hawajawahi kuwa na mtu Unguja. Fedha iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni zile picha. Shangazi alikuwa keshazipeleka kwa watu.

Ni mwenye nyumba huyo aliyenipeleka kwa bibi mmoja anayekijua Kiswahili, aliyezaliwa Unguja na kurudishwa huku akiwa msichana. Nilimkuta ukumbini, uso umepakwa liwa ya manjano, wao wanaiita msindzano, ananyambua majani ya muhogo. Nikamwamkia kwezi. Akaichukua karatasi yangu, akaitazama muda mrefu, akaigeuza upande wa pili kuona kama kuna maandishi mengine.

"Mjukuu wangu," akasema, "umeniletea wanaume watupu. Wanawake wako wapi?"

Sikumwelewa. Akaniuliza polepole, kama anayemfundisha mtoto: mama yake babu ni nani?

Hapo ndipo alinieleza. Ngazija mtu ni wa hinya ya mama yake, ukoo unaoshuka kwa wanawake. Nyumba ni ya mwanamke. Binti anajengewa, na mume ndiye anayehamia. Mashamba ya manyahuli, yaani mali ya ukoo, yanarithiwa kwa njia hiyo hiyo. Mwanamume ana kwao kwa mama yake, halafu ana kwa mkewe. "Nyumba ya babu yako haipo," akasema. "Iko nyumba ya mama yake. Sema jina tukuoneshe mlango."

Sikulijua. Baba hakulijua. Nilitoka nje nikampigia bamdogo, Unguja. Mtandao ukakatika mara tatu. Bibi alinifuata na kunionesha kwa kidole genge lililo juu ya bahari, ambako wanawake wa Ikoni walijirusha walipoingiliwa na maharamia kutoka Bukini, yaani Madagaska, waliokuja kuteka watumwa. Hakulisimulia kwa urefu. Alisema tu kwamba majina yao hayakuachwa yapotee, kisha akarudi kwenye majani yake.

Bamdogo alipopatikana akanyamaza kidogo, kisha akasema: talakini.

Unajua maiti akishafukiwa husomewa talakini, na humo haitwi kwa baba yake, huitwa kwa mama. Asiyejulikana mama yake huitwa mwana wa Hawa. Siku ya mazishi ya babu, mwaka 1991, kabla jeneza halijatoka, sheikhe alisimama mlangoni kuuliza jina la mama wa marehemu. Wanaume wote wakatazamana. Bibi yetu akalitaja kutoka ndani, nyuma ya pazia. Bamdogo alikuwa kijana, ameshika mkebe wa udi. Anasema ndiyo mara pekee katika maisha yake aliyolisikia jina hilo, na hajalisahau.

Akanitajia. Nikaingia ndani nikamwambia bibi. Aliuweka ungo chini.

Hatukutembea hata dakika tano. Mlango wa bati la buluu, ua mdogo, birika la maji pembeni, kanga zimeanikwa. Wala haina nakshi hata moja. Nilikuwa nimepita mbele yake mara nne katika siku zile mbili. Aliyetoka ni mwanamke wa umri wa mama yangu, na bibi alipomtajia jina, alishika kizingiti. Lile jina ndilo lake. Alipewa kwa heshima ya bibi yake, ambaye ni mama yake babu.

Waliniwekea mkatre wa siniya, keki ya kwao, na chai. Wakaniuliza habari zangu, na nikaeleza kwamba babu ni baba wa baba yangu. Wakatazamana kwa huruma kidogo. Mimi ni mtoto wa mwanamume wao, nitakula na kulala hapo siku zote, lakini si wa hinya yao. "Mama yako ni wa wapi?" Nikasema Makunduchi. "Basi kwenu ni Makunduchi," akasema yule mwanamke bila kusita. Nimekaa nikilifikiria neno hilo. Nimelipa nauli ile yote, nimevuka bahari, na Makunduchi sijafika tangu msiba wa mama wa mama yangu.

Kisha akafungua kabati akatoa daftari la hitma, la majina ya marehemu wao wanaosomewa. Babu hakuwemo. Alikuwa ukurasa wa mwisho, peke yake, kwenye wanaoombewa salama ya safari. Walikuwa hawajapata habari yake tangu barua ya mwisho, na hakuna aliyethubutu kumhamisha.

Akaniuliza alifariki mwezi gani. Nikamwambia Mfungo Tano. Akaniuliza amezikwa wapi. Nikamwambia Mwanakwerekwe. Hakulijua, ikabidi nimtajie herufi moja moja, huku mjukuu wake akiandika.