D ya Kemia

Mjomba alikuwa ameshanitafutia kazi ya kuosha magari. Likizo ya kiangazi ilikuwa inaanza, nimetimiza miaka 16, na mama, aliyekuwa akitandika vitanda vya hoteli tangu tulipotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na kuhamia San Diego, California, alihitaji mtu wa pili wa kuleta dola nyumbani. Kwa hiyo mwalimu mshauri aliponiita, nilienda mbio nikidhani ni mambo ya kibali cha kazi.

Mezani kwake palikuwa na karatasi ya alama zangu za darasa la kumi. Akaweka kidole kwenye kemia, muhula wa pili. D.

"Lakini nimefaulu," nikasema.

Na kweli, shuleni kwetu D ilitosha kupata cheti. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Chuo Kikuu cha California kina hesabu yake. Kule masomo 15 yanayodaiwa yanataka angalau C kila moja. Ukipata D, somo ni kama hukulisoma, huku alama yenyewe ikiendelea kuushusha wastani wako.

Akageuza karatasi, akapiga hesabu nikiona. A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Mazoezi ya viungo hayamo. Alama za darasa la tisa nazo hazimo kwenye wastani: wanahesabu kuanzia kiangazi kinachofuata darasa la tisa mpaka kile kinachofuata darasa la 11. Hapo nilishusha pumzi. Darasa la tisa ndio mwaka niliofika Marekani, nikikaa viti vya nyuma, Kiingereza kikinipigia masikioni kama mvua juu ya bati. Aliyeiweka kanuni ile hakunijua, lakini alinisitiri, na mpaka leo namshukuru.

Alama kumi zilizobaki zilikuwa na jumla ya 29. Wastani 2.9. Kwa mkazi wa California, kiwango cha chini ni 3.0.

"Rudia muhula huo kiangazi hiki," akasema. "Ukipata B, D inatoka kwenye hesabu, B inakaa mahali pake. Unafika 3.1."

Na historia je? Nilikuwa na C mihula yote miwili. Akatikisa kichwa: ukishapata C, hata ukirudia ukaleta A, chuo kinashika ile ya kwanza. Hilo liliniuma kuliko D yenyewe.

Usiku nilimkuta mama miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi. Alisomea Baraka, kule Fizi, Kongo, ambako asilimia unazopewa na mtihani wa Serikali unazeeka nazo.

"Shule ya likizo inahesabiwa sawa na shule yenyewe?"

"Sawasawa, mama."

"Na hawataandika kwamba ni ya likizo?"

"Wataandika. Lakini alama ni ileile."

Akanyamaza mpaka maji yakapoa.

"Mpigie mjomba wako. Mwambie hiyo kazi ampe mwingine."

Kodi ya nyumba ya Julai tulikopa. Wiki sita nilisoma kemia kila asubuhi, nikirudia milinganyo kwenye basi, nikiirudia tena jikoni wadogo zangu wakishalala. Nilipata B.

Novemba ya mwaka uliofuata nilikaa na mama mbele ya kompyuta, najaza maombi ya chuo. Fomu inataka alama zote mbili, ya kwanza na ya marudio. Nilipoandika D, akanishika mkono.

"Si ulisema imetoka?"

"Imetoka kwenye hesabu, mama. Kwenye maandishi inabaki."

Akavuta kiti karibu, akautafuta mstari wa B, akaugusa kwenye kioo.

"Hii ndiyo kodi ya Julai," akasema.